Siku Ndiwa Alipokataa Kusema "Si Ukweli"

Nyinyi vijana mnaoanza ukarani wa wakili siku hizi mna bahati, kwa sababu faili zenu haziliwi na panya. Kesi mnafungua kwa kubonyeza, mnalipia kwa simu, na hakimu mnamwona kwenye kioo amevaa joho juu na pengine malapa chini. Sisi faili tulizibeba kwapani jua na mvua. Mimi Wanyonyi nimepanda ngazi za mahakama ya Kitale kwa miaka thelathini na moja, hata mwishoni ngazi zenyewe zilikuwa zikiniamkia. Na foleni ya kuweka hati ilikuwa ndefu hivi kwamba aliye mkiani alikuwa amesimama Kamukuywa, kule Bungoma. Anayebisha aje na futi ya kupimia.

Sikuzaliwa na kazi hii. Nilitoka Kamukuywa na cheti cha darasa la saba na mdomo. Cha kidato cha nne nilikipata ngumbaru hapa Kitale, jioni baada ya kazi, watu wazima tumekalia madawati ya darasa la pili, magoti yakigusa masikio. Mwalimu alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wa mama yangu, na alinichapa. Si kwa fimbo, kwa macho tu, lakini nilivimba.

Mwajiri wangu alikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, Wakili Nekesa. Aliponiajiri ndio kwanza alikuwa amefungua ofisi, orofani juu ya duka la mbegu na mbolea. Mpaka leo nikinusa mbolea nakumbuka sheria.

Wiki ya kwanza alinipa maelezo ya shahidi niyanakili kwa mkono. Nikayanakili kwa mwandiko ambao ungeweza kutundikwa ukutani. Akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Wanyonyi, hapa ni nani alikuwa anaolewa?"

"Wapi, wakili?"

"Umeandika polisi walifika mahari pa tukio. Ng'ombe walikuwa wangapi?"

Sisi watu wa Bungoma, bana, L na R kwetu ni mapacha, hata mama yao wakati mwingine huita huyu akaitika yule. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Kwa kazi hii mtu hulala ndani kwa sababu ya neno moja." Tangu siku hiyo kila hati niliyoandika niliisoma kwa sauti nikielekea dirishani, na wateja wa mbolea kule chini wakapata elimu ya sheria bila karo.

Lakini mimi ni mtu wa kusikia maneno mara mbili ndipo yaingie. Mara ya pili niliyasikia kwa njia mbaya, na nitawaeleza ingawa hainipendezi.

Kulikuwa na mzee wa upande wa Webuye aliyeshtakiwa kwa kung'oa ua wa jirani. Wakili Nekesa alikuwa amepata homa, akanituma korti moja, sitaitaja, niombe kesi isogezwe. Nilichelewa kwa dakika chache, na kabla sijafika kwa karani wa korti, mzee akanivuta koti akaniuliza afanye nini akiitwa. Nikamjibu kwa moyo safi, "Mzee, sema ukweli tu. Mungu yuko." Akaitwa. Mkalimani akamsomea mashtaka, kisha akamuuliza swali ambalo nyinyi mtalisikia hadi mlisikie usingizini: "Ni ukweli ama si ukweli?" Mzee akajibu, "Ni ukweli, lakini..."

Huo ua ulikuwa umepandwa ndani ya shamba lake, hatua tatu ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa lakini yake. Siku hiyo orodha ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa na haraka, kalamu ikaandika "ni ukweli" na kuweka nukta. Ile lakini ya mzee ikabaki imesimama nje kama mgeni aliyekosa kiti. Alilala ndani wiki mbili hadi Wakili Nekesa akapata nafuu, akakata rufaa na kumtoa. Mimi wiki hizo mbili sikula ugali ukashuka. Mzee alipotoka hakunilaumu, akanishukuru ati kwa kumkumbusha Mungu. Heri angenipiga.

Kwa hiyo mkiniona nikishupalia neno moja kama mbwa na mfupa, mjue nilikotoka. Sasa niwaambie habari ya Ndiwa.

Ndiwa alikuwa mlinzi wa stoo ya mahindi kule mji mdogo wa Kwanza. Mtu wa mlimani, Msabaoti wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole, na silaha yake ya kazi ilikuwa upinde na mishale kama walinzi wengi wa huku kwetu. Mishale ya kawaida, haina sumu. Tajiri wake ndiye aliyemnunulia. Jumapili moja saa nne asubuhi, watu wote wako kanisani, bwana mmoja aitwaye Masika, dalali wa mahindi wa soko jirani, aliingia uani kwa stoo. Kufuli ikavunjwa. Ndiwa akatokea, akamwambia atoke. Masika akamwendea na panga. Wimbo wa mwisho kanisani ulipokwisha na watu wakatoka, walimkuta Masika ameketi chini, mshale umesimama pajani, na Ndiwa amepiga magoti kando yake akimfunga mguu kwa kitambaa.

Masika akapelekwa hospitali, Ndiwa akapelekwa polisi. Kesho yake Jumatatu alikuwa afikishwe mahakama ya Kitale kwa kumjeruhi mtu vibaya. Shtaka hilo, wanangu, sheria inaruhusu ufungwe maisha. Na tofauti na kesi ya mauaji, ambayo serikali hukupa wakili, hakuna mtu aliyekuwa akimngoja pale na wakili mkononi. Ukitaka wakili unamtafuta, au unasimama peke yako na kofia yako.

Saa mbili kasoro asubuhi hiyo mke wake, Mama Chebet, alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi yetu katikati ya magunia ya mbolea. Alikuwa amezunguka ofisi tatu kabla. Ya kwanza imefungwa, ya pili wakamwambia arudi Jumatano, na ya tatu mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuwa hata na upinde, akamfukuza.

"Wakili yuko?"

"Ameenda Bungoma, mama. Ana kesi Mahakama Kuu. Atarudi jioni."

"Jioni watakuwa wamemfunga."

Nikapiga simu ya wakili. Imezimwa, kama kawaida yake siku za korti. Nikaangalia saa. Sasa, karani hana ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu na kusema neno kwa niaba ya mtu. Hata kama unajua sheria yote kuanzia jalada hadi jalada, na mimi wakati huo nilijua karibu robo tatu, mdomo wako pale una kufuli. Ila hakuna sheria inayokataza karani kupeleka chai.

Tukanunua chai ya maziwa na mkate, tukaenda nyuma ya korti kwenye seli. Askari wa zamu alinijua. Nikamwambia ni chai tu, akanitazama kama mtu anayejua chai yangu huwa ina maneno ndani, akasema, "Dakika tano, Wanyonyi. Si zile zako."

Ndiwa akaja kwenye nondo. Sweta yake mkono wa kushoto ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ngozi.

"Mimi ni karani wa Wakili Nekesa. Mama Chebet ndiye ameniita. Hii ni nini mkononi?"

"Panga yake."

"Uliambia polisi?"

"Hawajauliza."

Hapo ndipo nawaomba mtoe kalamu. Mtu aliyejitetea naye huwa ameumia, na mara nyingi hasemi, kwa sababu ameona mwenzake ameumia zaidi na anaona haya. Fomu ya P3, ile daktari anayojaza kuhusu majeraha, watu hudhani ni ya mlalamishi peke yake. Si yake peke yake. Kidonda kinapona, na kikishapona kimechukua ushahidi wako kikaenda nao. Nikamwambia akiitwa aombe vitu viwili kwa hakimu, wakili na hospitali. Akaitikia kwa kichwa huku akitafuna. Nikaona mambo yanaenda vizuri, nikaendelea.

"Na wakikuuliza ni ukweli ama si ukweli, useme si ukweli."

Akaacha kutafuna. "Hiyo siwezi."

"Huwezi nini?"

"Karani, mimi nimepiga yeye mshale. Na mikono yangu hii. Watu wametoka kanisa wakaona mshale iko kwa mguu. Sasa nikisema si ukweli, mshale ilienda yenyewe? Ilikuwa inatembea tu, ikaona mguu?"

"Ndiwa, hiyo ni lugha ya korti."

"Hata Mungu iko na lugha ya korti?"

Mama Chebet akashika nondo. "Baba Chebet, sema vile karani anasema!"

"Wewe ndio ulilia miaka kumi ati niokoke. Sasa nimeokoka, unaniambia nidanganye?"

Mama Chebet akaachia nondo. Vijana, nimewaona wezi wa ng'ombe, waghushi wa hati, na mtu mmoja aliyeuza shamba moja kwa watu tisa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenitoa jasho kama huyu mtu mkweli. Ningemlazimisha vipi? Mzee wa Webuye nilimwambia aseme ukweli akafungwa. Huyu sasa namwambia aukatae ukweli na hataki. Dakika tatu zimekwisha. Mkononi nina kikombe kitupu.

Nikakumbuka lile shtaka lenyewe lilivyoandikwa. Karatasi hizo nimezipiga taipu na kuzinakili hadi nazijua kama Baba Yetu, na zote zina maneno fulani katikati ambayo msomaji huyapita mbio.

"Ndiwa, sikiliza. Watakusomea hivi: ulimjeruhi vibaya Masika, kinyume cha sheria. Umesikia mwisho wake?"

"Kinyume cha sheria."

"Yeye alikuja na panga?"

"Amenikata kwanza."

"Ulikuwa na mahali pa kukimbilia?"

"Nyuma ni ukuta ya stoo."

"Mtu akikukata na nyuma ni ukuta, sheria inakuruhusu ujikinge, bora usipitishe kiasi. Kwa hivyo mshale ulipiga. Lakini ulipiga kinyume cha sheria?"

Akafikiri. Mimi nilihisi mlima Elgon wote umekaa ukingoja. Askari akaanza kucheza na funguo.

"Kwa hivyo," Ndiwa akasema polepole, "uongo iko kwa hiyo neno ya mwisho tu."

"Hapo hapo."

"Na wao wameifunga pamoja na ile ya ukweli."

"Kamba moja."

"Karani, muda," askari akasema. Akamrudisha.

Nikaingia kortini nikakaa benchi la nyuma na Mama Chebet. Jasho lilinitoka hadi viatu vikawa vinalia ndani. Sikujua atasema nini. Nilikuwa nimempa neno, sikuwa nimempa jibu, na hapo ndipo tofauti ya karani na wakili: wakili angekuwa amesimama kando yake.

Jina likaitwa. Mkalimani akasoma mashtaka kwa Kisabaoti, kisha kwa Kiswahili, kisha likaja lile swali. Ni ukweli ama si ukweli?

Ndiwa akajikohoza. "Mheshimiwa, mshale ni ukweli. Kinyume cha sheria si ukweli."

Korti ikacheka, hata wafungwa. Hakimu akavua miwani. "Rudia."

Akarudia, taratibu, kama mtu anayeagiza chai: mshale ni ukweli, kinyume cha sheria si ukweli.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Nilijua kila dakika ya kalamu ile inamaanisha nini, kwa sababu "ni ukweli" haichukui muda. Kisha akasema, "Korti imeandika kwamba mshtakiwa amekana mashtaka."

"Sijakana, mheshimiwa. Mshale nimekubali."

"Nimekusikia, mzee. Na hiyo nimeiandika."

"Basi naomba wakili." Akainua mkono wa kushoto na ile sweta yake ngumu. "Na naomba hospitali."

Akapewa hospitali siku hiyo hiyo, na P3 yake. Dhamana pia alipewa, ila ilitaka hati ya shamba, na hati ya shamba lao ilikuwa bado na jina la babu yake marehemu. Mambo ya kwetu hayo, mnayajua. Akapelekwa rumande. Mama Chebet akanishika mkono nje ya korti. "Wakili wako atamchukua?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa natamba tu, sikujua.

Saa saba simu ya wakili ikapatikana. Yuko Bungoma, nasikia anatafuna kitu.

"Wanyonyi, nilisema kesi mpya hapana. Kabati limejaa."

"Wakili, huyu amejibu hivi." Nikamwambia alivyojibu, neno kwa neno.

Akaacha kutafuna.

"Nani alimfundisha?"

"Neno nilimpa mimi. Jibu ni lake."

Akacheka, kicheko cha puani ambacho kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekisikia mara nne. Kila mwaka alikuwa akichukua kesi moja bila malipo, na ya mwaka ule hakuwa ameipata. "Enda Kwanza leo," akasema. "Chukua majina ya walioona, kabla hawajaanza kuogopa."

Hilo nalo liandikeni. Shahidi siku ya kwanza ni jirani mwema. Akikaa wiki moja anakumbuka ana shamba la kupalilia.

Nilifika Kwanza nikaanza na tajiri mwenye stoo. Akaniambia, "Mimi niliajiri mlinzi, sikuajiri mpiga mishale," na ule upinde amenunua yeye. Nikamwacha na Mungu wake. Kanisani nikapata majina saba, na mke wa mchungaji akanipeleka nyuma ya stoo, karibu na ukuta. Kulikuwa na karai limefunikizwa chini.

"Nilifunika jana, watoto wasikanyage."

Akainua karai. Panga la Masika. Polisi walikuwa wamechukua mshale, wakachukua Ndiwa na Masika, na panga likabaki pale chini ya karai likingoja kama mboga. Makali yake yalikuwa na damu na nyuzi za sufu za rangi ya sweta.

Mimi kwa ujanja wangu wa ngumbaru nikavua koti nilifunge nikampelekee wakili. Kwa bahati nikapiga simu kwanza, nijisifu.

"Wanyonyi! Ukigusa hiyo panga utakuwa shahidi na mimi nitakosa karani! Funika! Ita polisi waje wachukue wenyewe, na wewe ukae hapo."

Nikalifunika. Nikakaa kando ya lile karai kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja kama kuku anayeatamia, mke wa mchungaji ananiletea ndizi, watoto wananiuliza mtoto atatoka lini. Afisa akaja, akalichukua kwa utaratibu, akaandika, akanisomea alichoandika. Alikuwa kijana mwema, na kama mtakavyoona, baadaye alinifurahisha zaidi.

Kesi ilichukua miezi tisa. Wakili Nekesa hakupiga kelele hata siku moja. Wale mnaodhani uwakili ni kupiga meza, mngelala. Alimuuliza Masika alikuja kufanya nini pale.

"Kununua mahindi."

"Jumapili, saa ya ibada."

"Ndio."

"Ulibeba gunia?"

"Hapana."

"Ulibeba nini?"

Masika akatazama dari. "Panga."

"Mahindi yalikuwa ya kupima kwa panga?"

Kisha akaja yule afisa. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama mshtakiwa alisema lolote walipomkuta, na afisa akasema ndiyo, alikuwa akimfunga mlalamishi mguu na kumwambia "pole, pole sana." Mwendesha mashtaka akageuka kwa hakimu kama aliyepata yai la dhahabu. Mtu asiye na kosa anaombaje msamaha?

Wakili Nekesa akasimama. "Afisa, mimi nikijikwaa pale mlangoni nikaanguka, utaniambia nini?"

"Pole, wakili."

"Kwa hivyo jiwe uliliweka wewe?"

Yule kijana akatabasamu, hakuweza kujizuia. "La, wakili. Pole ni pole tu."

Nawaambia, hakimu aliinama kuandika na mabega yakawa yanatikisika. Sheria yote imeletwa kwetu kwa Kiingereza, lugha ya watu, na neno hilo moja, pole, halina nguo ya kulitosha humo.

Hatari kubwa ilikuja Ndiwa mwenyewe aliposimama kizimbani. Wakili alimwomba aonyeshe anavyoshika upinde. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele, wa kulia ukavuta nyuma. Na kovu likawa pale, nje ya mkono wa kushoto, mahali panga linapofikia mtu aliyeinua upinde ajikinge. P3 ikasema vivyo hivyo, na zile nyuzi za sufu kwenye panga zikasema vivyo hivyo. Mpaka hapo tulikuwa tumeketi vizuri. Ndipo mwendesha mashtaka akamuuliza:

"Ni kweli kwenu wewe hupiga kanga akikimbia?"

"Ni kweli."

"Kwa hivyo hukosi. Ulikusudia kumpiga Masika."

"Nilikusudia paja," Ndiwa akasema. "Ningekusudia pengine, leo hatungekuwa na mlalamishi."

Wakili Nekesa akafumba macho. Mimi nikafumba na ya kwangu, na ya Mama Chebet nadhani. Mtu mkweli ni mzigo, wanangu, asiwadanganye mtu. Lakini hakimu akainua kichwa akamuuliza mwenyewe, "Kwa nini paja?"

"Mheshimiwa, mtu wa panga anakuja na miguu. Nilitaka asimame tu."

Hakimu akaiandika. Ilichukua muda.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana kama nyinyi nini cha kumwambia mtu aliyefikwa na jambo kama la Ndiwa. Mwambieni: msaidie aliyeumia, ita polisi wewe mwenyewe, taja jina lako, onyesha kidonda chako, na mengine useme ukiwa na wakili kando yako. Huna wakili, muombe hakimu muda wa kumtafuta, si dhambi na si dharau. Huna uwezo, siku hizi kuna msaada wa kisheria wa serikali, na kuna mawakili wa bure zaidi ya mnavyodhani, shida ni kwamba wako nyuma ya mlango ambao mlinzi amekufukuza. Kazi ya karani ni kuwa mlango ulio wazi. Hiyo tu. Mengine yote niliyofanya ilikuwa mbio na chai.

Siku ya hukumu Ndiwa aliletwa na gari la rumande na wenzake. Viti vya nyuma yangu vilijaa watu wa kanisa la Kwanza, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Alhamisi. Hakimu akasoma kurasa kumi na moja. Kwangu zilikuwa arobaini. Mkalimani alikuwa akimtafsiria Ndiwa kidogo kidogo, na uso wa Ndiwa haukubadilika, kama mtu anayesikiliza habari za mvua za nchi nyingine. Kisha likaja lile fungu: kwamba alikatwa kwanza, kwamba nyuma yake palikuwa ukuta, kwamba alitumia nguvu iliyotosha na hakuzidisha, na kwamba kitendo chake hakikuwa kinyume cha sheria. Yuko huru.

Mama Chebet akainama, akafunika uso kwa leso. Watu wa kanisa wakataka kuimba, karani wa korti akawanyooshea kidole. Wakili Nekesa akaanza kukusanya karatasi zake taratibu.

Ndiwa akamshukuru hakimu. Akashuka kizimbani, akageuka kushoto, akaanza kutembea kuelekea ule mlango mdogo wa nyuma unaoshuka seli. Miezi tisa hakuwa amejua mlango mwingine.

Askari wa magereza akamshika bega. "Mzee, unaenda wapi?"

"Kwa gari."

"Hakuna gari yako huku." Akamgeuza polepole. "Mlango wako ni ule wa watu."

Ndiwa akapita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha. Alipofika mlango mkubwa akasimama mbele yake, mikono ubavuni, akingoja afunguliwe. Hatukuelewa kwanza. Tulingoja naye, korti nzima, wakili na faili zake, mimi na viatu vyangu.

Mama Chebet ndiye aliyeelewa. Akaja akasimama nyuma yake.

"Baba Chebet," akamwambia, "hii inasukumwa tu."